Shampeni ya Mgeni na Kiu ya Baba Mkwe

Hakuna kitu duniani cha kunishangaza mimi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema miaka ile, na nilikuwa na haki ya kusema. Nilianza kwa kubeba samaki begani pale mwaloni Kirumba, mitumbwi inaposhusha samaki, darasa la nne sijalimaliza. Biashara ilipofunguliwa na Ulaya ikaanza kuutaka mnofu wa sangara, mimi tayari nilikuwa na mitumbwi yangu, kisha gari la barafu, kisha gari la pili. Nyumba yangu ya Buhongwa ndiyo ilikuwa ya kwanza mtaani kuwa na vigae sakafuni. Wenye digrii walikuja kuniomba kazi wakanikuta na kandambili, wakaniuliza, "Bosi yuko wapi?" Nikawaambia, "Mnamtazama."

Kitu kimoja tu kilikuwa hakijanyooka, na fedha haikukinyoosha. Baba mkwe wangu, mzee wa Ukerewe, mkulima wa machungwa na mihogo, alikuwa hajawahi kutia kinywani hata tone la maji ndani ya nyumba yangu. Tangu nimuoe binti yake hadi mtoto wetu wa kwanza anafika darasa la sita! Akija Mwanza kutibiwa macho, alikaa kwenye kochi langu vizuri, akacheka na wajukuu, akauliza habari za ziwa. Mke wangu akitokea na trei, mzee anaweka kiganja juu ya kikombe. "Nimeshiba, mwanangu." Jioni anakwenda kulala kwa mpwa wake Igoma, na huko, tulisikia, anakula ugali kama mtu aliyetoka kulima.

Mke wangu hakulalamika. Ila mzee akishaondoka, alikuwa anakaa jikoni na ile chai mpaka inapoa, halafu anaimwaga mwenyewe. Hakumruhusu mtu mwingine kuimwaga. Mimi nilikuwa naona. Mwanamume unaweza kujenga nyumba ya vigae, lakini ukimwona mkeo anamwaga chai ya baba yake, unajiona umejenga banda la kuku.

Nilitibu kwa dawa niliyoijua. Nikapeleka mabati, nyumba ya mzee ikaezekwa. Nikapeleka baiskeli, nikapeleka redio, nikapeleka mashine ya kusaga. Alishukuru kwa kila kimoja. Akija kwangu: nimeshiba. Mke wangu aliamini ni kabila, kwamba baba yake hakutaka Msukuma. Lakini mahari niliimaliza, ng'ombe kumi na wawili, hakuna aliyekonda, na kila kitu cha ukweni ambacho si ng'ombe nilikilipia papo hapo. Hata pombe ya ukweni. Ilikuwa miaka ya shida, sabuni yenyewe kwa foleni, wadogo zake mzee wakasema toa fedha badala ya pombe yaishe. Nikatoa bila kuomba pungufu. Mimi si mtu wa kuomba pungufu.

Sasa, nilikuwa na mgeni, Mfaransa mmoja mwenye kipara, rika langu, aliyekuwa akija Mwanza kununulia kampuni ya kwao minofu. Alikulia Bukavu kwa wazazi waliofanya kazi huko, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo. Jumapili moja nikamwalika chakula cha mchana. Baba mkwe naye alikuwepo, amekuja kwa ajili ya macho, amekaa mahali pake kwenye kochi, ameshiba kama kawaida.

Mgeni akafika na kitu kimeviringishwa kwenye sweta. Akakifungua polepole kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Chupa nene, nyeusi, shingo imevalishwa karatasi ya dhahabu.

"Hii ni shampeni ya kwetu," akasema. "Nyumba ya kuitengeneza ni ya upande ya mama. Baba ya babu ya babu yangu alianza, mtoto wake akafuata, mjukuu akafuata. Hatukuuzisha nyumba kwa mtu hata siku moja. Sasa mjomba yangu ndiye anafanya. Kila safari nabeba moja, nampa mtu mwenye nataka akuwe ndugu."

Shampeni nilikuwa naijua kwa picha za magazeti, watu wa mbio za magari wakimwagiana kichwani. Nikasema ifunguliwe tusikie mlio. Akasema hapana, kwanza iingie kwenye baridi. Mimi nikose baridi? Gari la barafu lilikuwa limeegeshwa uani! Nikaenda mwenyewe, nikaichimbia chupa kwenye barafu ile ile iliyolaza sangara asubuhi. Nilipoitoa, mgeni akainusa, akafumba macho.

"Mjomba yangu akijua," akasema, "atalia."

Tukacheka wote. Hata mzee alicheka.

Nikamwambia, haya, sasa mlio. Hakunipa mlio. Alifunika kizibo kwa kiganja, akawa anazungusha chupa kidogo kidogo, ikatoa pumzi tu, fyuu, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Akajimiminia kidogo kwenye glasi moja, akanywa mbele yetu, akasubiri kidogo, akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, "Mkubwa wetu hapa ni nani?" Akaijaza glasi ile ile, akaishika kwa mkono wa kulia, wa kushoto akaushikiza kwenye kiwiko kama walivyomlea huko Bukavu, akainama, akampa baba mkwe wangu.

Mke wangu alikuwa mlangoni na sahani ya maini. Akasimama hapo hapo. Mimi nikafungua mdomo nimwambie mgeni asione vibaya, mzee ameshiba.

Mzee akapokea kwa mikono miwili. Akanywa. Akaimaliza.

"Inauma puani," akasema, akajifuta ndevu. "Nani aliipika?"

"Mjomba yangu, mzee."

"Na umeibeba wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Juu ya magoti, ndani ya ndege."

"Umefanya vizuri, mwanangu."

Mwanangu! Mtu mwenye kipara, ndiyo kwanza wanaonana! Nikapewa na mimi glasi yangu. Nilitegemea utamu wa soda, kitu cha bei namna ile. Haikuwa tamu. Ilikuwa na ukali wa embe bichi, na nyuma yake harufu ya mkate unapotoka kwenye tanuri, na povu linatembea kwenye ulimi kama sisimizi. Ilipofika kooni nikamwona mama yangu. Sijui niseme vipi. Nilimwona kabisa, anakung'uta mwiko wake kwenye ukingo wa chungu kule kijijini kwetu, mbele kidogo ya Bujora, ile pombe yake ya mtama ikiwa bado changa, haijawa kali, inachomachoma. Nilikuwa sijainywa tangu ninunue gari la kwanza.

Nikainyanyua chupa, nimwongeze baba mkwe. Leo si leo? Mzee akaweka kiganja juu ya glasi.

"Nimeshiba, mkwe."

Nilimkuta mke wangu jikoni ameinamia sinki, analia na kucheka kwa pamoja. "Amekunywa, baba watoto," akasema. "Amekunywa nyumbani kwangu. Lakini amekunywa kwa mkono wa mzungu." Akanishika shati kifuani. "Tumemkosea nini? Muulize. Wewe unaweza kuongea na wakubwa wa wilaya, unashindwa kuongea na baba yangu?"

Kusema kweli wakubwa wa wilaya ni rahisi zaidi. Lakini nilipokuwa nampeleka mzee Igoma kwa pikapu, nilizima injini kabla hatujafika, nikamuuliza. Nilimuuliza kwa heshima zote, nikitazama usukani.

"Baba, mgeni umempokea. Mimi nina kosa gani?"

Mzee akanigeukia. "Yule ameleta pombe ya kwao," akasema. "Wamepika watu wa mama yake. Ameibeba kwa mikono yake, ameionja mbele yangu, ndipo akanipa. Hivyo ndivyo mtu anavyojulikana. Wewe nimejua ng'ombe zako."

"Pombe nililipia, baba. Wadogo zako wanajua."

"Wadogo zangu waliinywa fedha yako siku ile ile. Mimi nilibaki na kiu." Akacheka kidogo. "Ninyi Wasukuma mnadhani kila mdomo unazibwa kwa ng'ombe. Fedha inaonjwaje, mkwe? Nikasema sawa, huyu kijana ana haraka, atakuja siku moja na kibuyu. Ukaja na mabati. Nikasema atakuja. Ukaja na mashine."

"Sasa mbona hukusema?"

"Pombe ya kuomba ipo kilabuni," akasema, akafungua mlango wa gari.

Mimi, ambaye nimeuziana samaki na Mhindi, Mgiriki na Mjerumani, niliendesha lile gari hadi nyumbani nikiwaza kibuyu.

Asubuhi nilikuwa kwa mama. Alikuwa anapepeta, hakuacha kupepeta. Nilipomweleza akacheka mpaka ungo ukamponyoka. "Tajiri wa Mwanza amekosa bia dukani?" Nikamwambia, mayu, nataka ya mikono yako. Akanitazama, akaenda kuchagua mtama.

Pombe haina haraka ya tajiri. Mtama ulilowekwa, ukachipua, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa, ukapoa, ukatiwa kimea, ukaachwa. Nikawa naacha mwaloni kwa watu, nakwenda kukaa naye. Nikitaka kukoroga ananichapa mkono kwa mwiko: "Unakoroga kama unafukuza nzi." Tuliongea mambo ambayo hatukuwa tumeongea tangu nikiwa mdogo. Aliniuliza baba mkwe ni mtu wa namna gani. Nikagundua sikuwa na cha kumjibu zaidi ya kwamba ana macho mabovu.

Nikaenda Ukerewe na mke wangu, kwa meli, kibuyu juu ya magoti. Angeweza kukibeba mtu wangu yeyote. Nilikataa. Katikati ya maji joto likapanda, pombe ikachemka kwenye shingo ya kibuyu, ikasukuma kizibo cha majani, ikanimwagikia kifuani, shati jeupe.

"Bosi, mtoto amekukojolea!" akapaza sauti mama mmoja muuza dagaa, meli nzima ikacheka. Mke wangu akanifuta kwa khanga yake, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Alikuwa hajanicheka hivyo tangu siku za uchumba wetu, nilipokuwa nanuka samaki kwa sababu ya kuwabeba na si kwa sababu ya kuwamiliki.

Kwa mzee sikuketi kwenye kiti. Nilichuchumaa. Nikasema, "Baba, hii ni ya kwetu. Amepika mama yangu." Nikamimina kwenye kata, nikaonja mbele yake, nikasubiri kidogo, nikampa kwa mikono miwili.

Akanywa taratibu. Nilisikia kila funda. Aliposhusha kata, jambo la kwanza kuuliza lilikuwa, "Mama yako hajambo?" Hakuwahi kuniuliza kabla, na mimi sikuwahi kumpa sababu ya kuuliza.

"Hajambo, baba."

"Mwambie nimeionja mikono yake."

Wiki iliyofuata alikuja Mwanza kwa ajili ya macho. Akakaa kwenye kochi, akavua kofia, akapangusa jasho. Mke wangu alikuwa anapita na nguo za kuanika.

"Binti yangu," mzee akasema, "nyumba hii haina maji?"

Nguo zilianguka zote kwenye vigae. Alileta maji kwenye glasi ya wageni, nusu yake ikamwagika njiani. Mzee akanywa, akarudisha glasi, akaomba tena. Kisha chai. Kisha akauliza kama kuna ugali, na kama kuna sato, maana sangara hamtaki, ni samaki wa biashara. Mke wangu alikaa sakafuni karibu na miguu yake, anamtazama anavyotafuna.

Usiku ule nikapiga hesabu ya kiu ya mzee. Mtama, kuni, kibuyu kipya, mafuta ya pikapu kwenda kwa mama, na meli ya watu wawili kwenda na kurudi: shilingi elfu kumi na moja, mia tatu na hamsini.