Vitunguu Saumu vya Bi Somoe

Nakumbuka mwaka nilioolewa, mwanangu, miaka ya tisini, nilipotoka Kiegei kwenda Likunja. Kwetu tulisema Kimakua. Mama mkwe wangu, Bi Somoe, alisema Kimwera, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Bondeni alikuwa na matuta ya vitunguu saumu, mbegu aliyoachiwa na mama yake. Pale kijijini hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Mavuno yakikaribia, akaugua. Mume wangu alipompakia kwenye lori kumpeleka hospitali Nachingwea, mama alinieleza jambo refu kwa Kimwera, akionyesha bonde, kisha jua, kisha dari la jikoni. Nikaitikia, "Ndiyo, mama." Sikuelewa kitu. Bibi harusi mgeni ataanzaje kusema hajasikia?

Haukupita muda, majani ya chini yakakauka. Ni ugonjwa? Nimwagilie? Jirani mmoja akasema ning'oe, mwingine akasema ningoje yakauke yote. Nikang'oa nusu, nusu nikaiacha. Na lile jua alilonionyesha, lilikuwa la kuanikia au la kukwepa? Nikaanika, nikaanua, nikaanika tena, hadi vingine vikalainika kama vilivyochemshwa. Nililia, mwanangu. Kisha nikafunga vichache kwenye khanga, nikadandia lori la korosho hadi hospitali Nachingwea.

"Mama," nikamwambia pale kitandani, mume wangu, aliyebaki kumuuguza, akitafsiri, "siku ile niliitikia tu. Sikuelewa."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Nilijua," akasema. "Nilikuwa nakungoja."

Akanieleza upya. Majani ya chini yakikauka na ya juu yangali mabichi, ng'oa. Usioshe, usikate majani. Anika kivulini penye upepo, maana jua hupika. Shingo za vitunguu zikikauka, funga mafungu, uning'inize darini.

Niliporudi, vya ardhini vingi vilikuwa vimepasuka. Mbegu ilipatikana, kwa shida. Mama alipona, na msimu uliofuata tulipanda pamoja, nikiuliza kila kitu hadi akachoka. Ila kwa nini aliniacha nihangaike vile, hata leo sijui. Labda naye aliona haya.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Usiitikie usichokielewa ili uonekane mwenye adabu. Adabu hiyo huozesha mavuno. Mungu akujalie ulimi wa kuuliza, na akuwekee karibu mtu wa kukujibu.