Yowe la Mchana

Harufu ya nyasi zinazoungua imeingia dirishani. Gari la matangazo linapita mtaani likiwahimiza watu wajitokeze kufyeka mkanda wa kuzuia moto, nami nimesimama tu na kikombe mkononi, chai inapoa.

Nilipokuwa mtoto, nyasi za ngitili yetu zilinifika kifuani. Yalikuwa malisho tuliyoyafunga ili yawavushe ng'ombe kiangazi, na waliochungwa humo walikuwa ndama peke yao. Mchana mmoja moto ukazuka upande wa bondeni, bibi akapiga yowe. Kwetu yowe la namna ile lilikuwa la wezi wa ng'ombe. Wanaume wakatoka mbio kila kaya na pinde na mishale yao, wakatupita, wakaenda kuziba njia ya wezi.

“Ni moto, baba zangu! Moto!” Bibi aliwakimbilia nyuma, sauti imemkauka.

Walipogeuka, hakuna aliyeshika hata tawi bichi la kupigia moto. Babu alikuwa ameshaingia moshini kuwatoa ndama. Ndama wakatoka mmoja mmoja, wanakohoa, manyoya yananuka. Tukabaki tunapatazama pale ndama walipotokea; babu hakutoka.

Jioni wanaume walikaa uani kwetu, pinde zimelala miguuni.

“Mama, pumzika,” mmoja alisema.

“Hamjala tangu mchana,” bibi akajibu.

Akasonga ugali, akawapakulia wote. Kisha akatenga wa babu, kama alivyofanya kila alipochelewa machungani, akaufunika, akauweka karibu na moto usipoe.