Kumi na Mbili Juu ya Turubai

Dada yangu ndiye aliyenifundisha vigawe vya shirika, na alinifundisha kwa fimbo. Si ya kunichapa, ingawa najua alitamani. Ilikuwa fimbo ya kupuria maharage, nyumbani kwetu Kagerankanda, juu ya turubai tulilotandaza uani.

Nilikuwa darasa la tano na somo hilo lilinikaa kooni kama mwiba. Dada, aliyenitangulia mwaka mmoja, akamwomba baba ahesabu kwa sauti. Yeye apige kwenye vigawe vya tatu: tatu, sita, tisa. Mimi nipige kwenye vya nne: nne, nane. Baba alipotamka kumi na mbili, fimbo zetu zikaanguka pamoja, paa! Maharage yakaruka hadi kwa kuku.

“Umeona sasa, wewe kichwa kigumu?” akasema dada. “Hapo ndipo tunapokutana. Tutakutana tena ishirini na nne.”

Tangu siku hiyo hatukupura kimya tena. Mimi mwepesi wa hasira, naye alilijua hilo. Alikuwa akipiga kwenye kumi makusudi ili nimkaripie. Baba alicheka mpaka akapoteza hesabu, ikabidi tuanze upya.

Nilipokuwa kidato cha tatu, malaria ilimchukua dada. Maharage aliyoyapanda kwa mkono wake yalikuwa bado yanakauka shambani. Niliwakasirikia majirani waliosema kazi ya Mungu haina makosa. Niliyakasirikia hata maharage yenyewe, kwa kukomaa kana kwamba hakuna lililotokea.

Lakini maharage hayangoji matanga yaishe. Tukayatandaza. Fimbo yake ilikuwa imeegemezwa ukutani jikoni, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Baba akaketi mahali pake pa siku zote, akaanza kuhesabu. Tatu ikapita kimya. Nne nikapiga. Nane nikapiga. Kumi na mbili niliiogopa kuliko nilivyoliogopa kaburi lenyewe, na moyoni niliomba baba akosee, airuke tu.

Alipofika kumi na moja akainuka. Akaenda kuichukua ile fimbo ya dada, akarudi kusimama upande wa turubai aliokuwa akisimama dada.

“Kumi na mbili,” akasema.

Tukapiga pamoja. Kisha baba akakaa palepale juu ya maharage, fimbo mapajani, akalia kwa sauti, nami nikalia. Ishirini na nne hatukufika.