Matanga ya Mzee wa Kwenye Video

Juzi nilisimama mbele ya duka la televisheni, Kariakoo, nikamwona mzee wetu kwenye skrini zote kwa pamoja. Mtangazaji alisema kwamba mwigizaji huyo Mmarekani amefariki dunia, na kwamba katika maisha yake marefu ya kazi hakuwahi kuwa mhusika mkuu. Hilo sikuhitaji kuambiwa.

Utakumbuka, rafiki yangu, jinsi nyumba zetu za hapa zilivyokuwa: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma. Bibi yangu alimpangisha jirani chumba cha mbele, naye akaonyesha video humo, akisimama kando ya televisheni na kututafsiria maneno, huku harufu ya vitumbua vya bibi ikitufikia kutoka uani. Sisi watoto tulimjali steringi, yule shujaa wa filamu, peke yake.

Siku moja bibi naye akaketi kutazama. Katika filamu hiyo mzee yule alikuwa askari wa gereza. Alimpa mfungwa mgonjwa maji, akapigwa risasi kwa wema wake. Bibi alijifunika kanga kichwani, akaenda kuzima redio. Hapatakuwa na muziki wala video nyumba hii, akasema, mpaka matanga yaanuliwe. Jirani alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha.

Matanga yakaanuliwa. Katika filamu iliyofuata, mzee yuleyule akaingia na miwani, hakimu mkali.

"Si huyu tuliyemlilia?" bibi akauliza.

"Ndiye, Bi Mkubwa. Ile ni kazi yake. Analipwa afe."

"Basi umeniliza kwa uongo. Kesho utoe televisheni yako nyumbani kwangu."

Jirani hakuwa na riziki nyingine. Aliendelea kutafsiri. Lakini bibi hakuondoka. Alimtazama hakimu akishika kalamu, akimeza huruma yake kabla ya kutoa hukumu.

"Hata mabega si yale," akasema mwishoni. "Yule askari alitembea kama mchukuzi wa magunia. Huyu hajabeba hata kikapu." Akatugeukia. "Steringi wenu kila siku ni yuleyule. Mzee huyu kila akija ni mtu mwingine." Kisha akamwambia jirani: "Televisheni ibaki. Ila akifa tena uniambie mapema, nisiunguze vitumbua."

Tukamwona akiwa daktari, mlevi, baba mkwe, mvi zikimzidi filamu baada ya filamu, kama zilivyomzidi bibi. Sijaona mtu aliyeiheshimu nafasi ndogo kwa kiasi kile. Nawaambia hivyo wanangu, ambao hawataki kazi yoyote isiyowaweka mbele ya macho ya watu.

Bibi hayupo, jirani hayupo, na pale palipokuwa na ua wetu pamesimama ghorofa la maduka.

"Shikamoo mama. Unachukua inchi ngapi?" kijana wa dukani akaniuliza, akishindana na spika iliyokuwa ikinguruma mlangoni.

"Marahaba. Sinunui, mwanangu. Nimefiwa."

"Pole sana, mama."

Hakuuliza ni nani. Aliinama, akazima muziki.