Kadi Tatu Ndani ya Koti la Harusi

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nilisema hivyo nikiwa kijana na leo bado nasema, mvi zimeanza kuchungulia. Shule niliishia darasa la nne. Nilitoka Usevya na shati moja, sehemu kwa miguu, sehemu juu ya lori la mahindi, na haikupita miaka mingi nikawa napakia mchele wangu mwenyewe kwenye behewa pale Mpanda. Wangu, siyo wa tajiri fulani. Waulizeni watu wa stesheni.

Miaka ile ya tisini naikumbuka kama mtu anayetazama kitu kilichozama kwenye maji matulivu. Asubuhi za masika ukungu ulikaa juu ya reli, kichwa cha treni kikipumua peke yake, na mimi napita na baiskeli yangu nyeusi, gunia la sukari nyuma, kengele inalia taratibu. Nilikuwa naona kama magurudumu hayagusi chini. Watu wakinisalimia, sauti zao zilinifikia kutoka mbali.

Sukari yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya kadi.

Mwenye duka akikuamini, alikata kipande cha boksi la sabuni, akaandika jina lako, akagonga muhuri. Ukichukua mali anaandika, ukilipa anakata. Ukilipa vizuri, safari nyingine anakupa zaidi. Watu wa kawaida walikuwa na kadi moja. Mimi nilikuwa nazo tatu, na akili hiyo sikufundishwa na mtu. Kwetu mtu mmoja ana majina mengi. Duka la stesheni nilitumia jina la ubatizo. Sokoni nikatumia la ukoo. Kule Misunkumilo, ambako hawakunijua sana, nikaandikisha lile la mtoto wetu wa kwanza, Baba Fulani, tuseme hivyo, maana binti mwenyewe sasa ni mtu mzima na sitaki kumtaja.

Sukari ya Misunkumilo naiuza chapchap, nalipa stesheni. Stesheni wanafurahi, wananipa sabuni. Sabuni naiuza, nalipa sokoni. Kadi zikazunguka, mimi katikati nimetulia kama mtu aliyelala kivulini. Mke wangu hakuambiwa. Nilizificha kwenye mfuko wa ndani wa koti langu la harusi.

Halafu mvua ikazidi. Reli ikakatika huko mbele, mabehewa hayakuja, mchele wangu ukaanza kutoa harufu ya uvundo stoo. Misunkumilo nikaacha kupita. Nikajifanya naipenda njia nyingine.

Mke wangu alikuwa anauza samaki. Kuna mama wa Kapalamsenga alikuwa anakuja na lori kila wiki, analeta migebuka mikavu, na alimkopesha beseni zima bila kadi, kwa jina tu. Mchana mmoja mke wangu akarudi na beseni tupu. Akaligeuza juu chini, akalikalia.

"Samaki hawajafika?" nikauliza.

"Wamefika. Lori limejaa."

"Sasa?"

"Kaniambia, mdogo wangu nakupenda, ila duka la Misunkumilo wanasema Baba Fulani amekimbia deni. Nikacheka. Nikamwambia mume wangu hana deni Misunkumilo. Wale wamama wote wakacheka pia, baba. Ila wao walikuwa wananicheka mimi."

"Lile ni jina tu la kuandikia," nikasema.

"Jina la nani?"

"La mtoto."

"Na mimi sokoni naitwa nani?"

Anaitwa Mama Fulani. Mjini kote hakuna aliyemwita vinginevyo. Mimi niliyefikiria kila kitu, hilo sikuwa nimelifikiria, kwamba jina lile tulikuwa tunalivaa wote wawili. Hapo nilishangaa. Naandika mara moja, sirudii.

"Mtoto ana miaka saba," akasema. "Hajawahi kushika hata noti ya mia. Tayari mdaiwa. Haya, lete koti."

"Koti gani?"

"Usinichoshe. Koti la harusi mwanaume analivaa siku moja. Wewe la kwako unalipapasa kila asubuhi."

Akazipanga kadi kwenye mkeka, akazisoma polepole. Yeye alimaliza la saba. Upepo ukataka kuichukua moja, akaiwekea kidole. Kisha akasema baiskeli iuzwe, tuanze na kadi ya mtoto.

"Baiskeli ndiyo miguu yangu!"

"Si unatuambia kila siku ulitoka Usevya na miguu? Unayo bado."

Tukaenda Misunkumilo pamoja, kwa miguu, katikati ya mahindi yaliyolowa, vipepeo weupe wanatutangulia njia nzima kama wanaijua shida yetu. Mwenye duka akatuona tukiwa mbali.

"Karibu, Baba Fulani! Mimi nilijua nyie mmeshahamia Burundi."

Nikahesabu pesa za baiskeli juu ya meza. Akakata mstari wa mwisho. Mke wangu akamwambia, "Kuanzia leo kwa jina hili usitoe hata chumvi mpaka utuone wote wawili tumesimama hapa."

"Heh! Bwana mkubwa siku hizi anatembea na askari?"

"Anatembea na mwenye jina mwenzake."

Yule bwana akacheka mpaka akakohoa, akachukua mkasi, akaikata kadi katikati, nusu akanipa mimi, nusu akampa yeye. Wiki iliyofuata beseni lilirudi limejaa. Zile kadi mbili tulizilipa taratibu treni iliporudi na mchele uliosalimika ukatoka, ya sokoni tukairudisha, tukabaki na ya stesheni peke yake, na ikakaa kwenye kopo la chumvi ambako kila mtu anaiona.

Nusu yangu ninayo hadi leo, wino umefifia, ila mstari wa mwisho unasomeka. Jina la binti yangu lilinigharimu shilingi elfu arobaini na nane, mia sita na hamsini.