Mashine ilihesabu seli zilizobaki, zilizokufa zikaenda na maji

Ripoti inayosema unga wa nano wa kupulizia maembe haudhuru mapafu ina makosa. Najua kwa sababu niliiandika mimi.

Wakuu, salamu. Sikuja kutafuta likes. Nimekuja kukiri, na sitaongeza chumvi.

Nafanya kazi maabara moja hapa Kitui. Tuliletewa mashine inayopiga seli picha na kuzihesabu yenyewe. Boss akatangaza kwamba macho ya binadamu sasa yamestaafu.

Kampuni moja ikaleta unga wake. Chembe zake ni ndogo ajabu, na embe likipuliziwa haliozi haraka. Swali: anayepuliza akiuvuta, mapafu yake yatapona?

Tukaweka unga kwa seli za mapafu ya binadamu, tukaziosha, tukatia rangi. Kijani iko hai, nyekundu imekufa.

Picha zikatoka kijani tupu! Nikatia sahihi. Tukakata keki, maana sayansi bila keki haijakamilika.

Wiki kadhaa baadaye, Jumamosi, nikaenda nyumbani Mbooni. Nikamkuta mwaitu, mama yangu, akipulizia maembe unga huo huo, leso mdomoni, anakohoa. Muuzaji alikuwa amemwambia, "Si ni kijana wako ameupima?"

Nikamweleza kazi ya mashine, kifua mbele. Mama ndiye huhesabu waumini kanisani kwetu kila Jumapili.

"Na zile zimekufa huenda wapi?"

"Zinabanduka, mwaitu. Tukiosha zinaenda na maji."

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Kijana yangu, hata mimi nikihesabu walio kwa viti, hakuna maiti. Lazima niulize nani hakuja."

Jumatatu nikafungua picha upya. Sahani tulizojaza seli zilikuwa na seli chache za kijani, zimetawanyika kama mbuzi wa kule Nuu wakati wa kiangazi. Mashine haikudanganya. Hakuna aliyeiuliza ngapi zimekosekana.

Boss aliposikia, akasema, "Mambo ya kanisa usilete kwa maabara."

Funzo nililopata: ukiona kila kitu ni kizima, uliza kwanza nani aliondolewa kabla ya picha.

Nimeandika barua kuondoa sahihi yangu. Haijajibiwa. Wenye mmewahi kufuta ripoti yenu wenyewe, nishaurini hapa chini.

Mama ameacha kupuliza. Majirani wanaendelea, kwa sababu kijana wa mwaitu alisema ni salama.

Na kile kikohozi bado kipo.