Geti bila ukuta

Leo nimeona gari ya mkubwa ikizuiwa na geti ambalo halina ukuta.

Hapa Kasenga, kijumba cha zamu, yaani mlinzi, cha mzungu mmoja aliyelima pamba bado kimesimama penye geti; ukuta ulishabomoka. Mbele kina nguzo nne kama za kanisa. Ndani, koko yangu, babu mzaa baba, aliyekuwa zamu wake, analala amejikunja.

Mzungu alikimbia uhuru ulipofika. Waasi wakachoma villa yake. Lakini hata wao, moto mkononi, walipiga hodi kwanza, koko akawafungulia. (Anasema yeye, si minye!)

Leo mkubwa aliyenunua kiwanja akapiga honi.

"Unaenda kwa nani?" koko akauliza.

"Kwangu!"

"Bwana hayuko."

"Mzee, pembeni iko muhogo tu!"

"Basi pita kwenye muhogo. Mbuzi wanapitaga pale."

Weee! Mkubwa akatazama mbuzi. Akatazama gari yake. Akashuka, akavua kofia, akataja jina.

Koko akafungua. Sisi tuliokuwa tukitazama tulicheka mpaka machozi.

Kisha mkubwa akageuka: "Weye, funga nyuma yangu. Utabaki hapa hapa."

"Ndiyo, Bwana," koko akajibu. Akafunga.

Hakuna aliyecheka tena.

Minye nimerudi nyumbani kupitia muhogo, nyuma ya mbuzi. Weye ungepita wapi?